Nusu ya Wimbo wa Kache

Kache alinusa udi saa nane mchana, akatazama rafuni. Chetezo kilikuwa pale pale, kikavu, buibui amejenga ndani.

"Gona, umechoma udi?"

"Na jua hili?" Mumewe hakuinua kichwa. Alikuwa barazani, hapo Mishomoroni, akifunga mshipi wa kuvulia mahali pa uzi wa nne wa ukulele.

Gitaa hilo dogo aliachiwa na mtalii hotelini, na tangu hapo Gona alijiona mtaalamu wa sauti. Alishalijaza pamba tumboni, akachomeka karatasi ya sigara chini ya nyuzi. Nyimbo za redio alizowapigia watalii kila alasiri zilimchosha. Mshipi ndio uliompa alichotaka: mlio wa puani, kama zumari. Mlio huo ukamkumbusha wimbo wa pepo wa mkewe.

Mwaka wa themanini na mbili, kule Utange, mganga Bibi Mwanatabu alimchezeshea Kache ngoma siku saba, wimbo baada ya wimbo, mpaka jini lililomkalia likautambua wake, likaahidi kutorudi mpaka liitwe. Gona alipiga upatu. Mwanzo wa wimbo, ule mtamu wa kuita, aliushika. Mwisho wake, ule wa kuaga, ni mrefu, hauna raha, hakujisumbua nao.

Alasiri hiyo ya mshipi, miaka sita baadaye, aliuchomeka hotelini katikati ya wimbo wa mapenzi. Watalii wakapiga makofi. Watalii hupigia makofi hata kengele ya chakula, lakini Gona alirudi nyumbani kifua mbele.

"Umeupiga," Kache alinong'ona. "Nimeusikia."

"Hoteli iko mbali, Kache."

"Nimeusikia mgongoni. Acha, nakuomba. Mimi ndiye kiti chake, si wewe."

"Haya mambo ya kizee! Kaa hapa nikuonyeshe kwamba hakuna kitu."

Akaupiga mbele yake, jua likiwaka, majirani wakianika nguo, na harufu ya udi ikajaa chumba mpaka machozi yakamtoka Gona, na shingo ya Kache ikaanza kuyumba taratibu, kushoto, kulia, kushoto, na Gona alipofika pale wimbo unapomwishia akakoma, lakini shingo haikukoma.

Gona alimkimbilia Bibi Mwanatabu.

"Umelipigia kuita?" mganga aliuliza. "Basi lipigie kuaga."

"Siujui, bibi."

"Aliyeujua ni marehemu Mwinyihaji, mpiga zumari wangu. Mimi ni wa dawa. Ulikaa naye siku saba, baba, ulikuwa ukisikiliza nini?"

Gona alirudi kwa mkewe. Hotelini hakurudi tena.

Kila alasiri, yule anayevaa kanga za Kache humletea Gona ukulele, huuweka mapajani mwake kwa adabu, kisha huketi mkekani.

"Endelea, fundi," husema, kwa sauti ya mwanamume mtu mzima.

Gona hupiga mpaka pale anapopajua. Kisha mikono ya mkewe humpigia makofi, kama watalii, mpaka magharibi.