Kiini cha Pili

Ile faili ni ndogo kuliko zote kwenye server. Ukiiuliza inajibu tarakimu moja tu: sifuri, chumba ni kitupu; moja, kuna mtu ndani. Titus Wangila alijua hajaweka kitu humo. Aliiuliza Jumanne saa nane mchana, ikamjibu moja.

"Ebu acha ujinga," aliiambia. Akauliza tena. Moja.

Chumba chenyewe alikitenga yeye, siku yake ya kwanza kazini. Hospitali ilikuwa ya mtu binafsi, hapo Kakamega mjini, na server yake ilikuwa na ugonjwa. Kila alasiri mvua inanyesha, stima inapotea, jenereta inaguruma, server inaamka, na kabla haijamaliza kuamka inakufa. Inakufa mapema mno hata haiwahi kuandika kilichoiua. Wagonjwa wanajaa kwa benchi, rekodi zao hazionekani. Madam Roda, administrator, alikuwa ametoa sharti bila kupepesa macho: "Miezi mitatu. Niletee sababu, kwa karatasi, nikupe barua ya confirmation. Hakuna sababu, hakuna barua. Graduates mko wengi huko nje."

Dawa Titus aliijua. Unatenga kisehemu cha kumbukumbu ya mashine, chumba kisichoguswa na yeyote, na ndani yake unalaza kiini cha pili, nakala ya ile programu kuu inayoendesha mashine, tangu sekunde za kwanza kabisa za kuwaka. Kiini hicho hakina kazi. Kinangoja cha kwanza kife. Kikifa, kinaamka hapo hapo na kunakili kila kilichokuwa kichwani mwa marehemu. Titus alikielewa kiini cha pili kuliko alivyoelewa ndugu zake wa damu. Miaka mitano tangu avae lile joho la kukodi, alikuwa amelala tu Shirere kwa bedsitter, akingoja mzee yeyote aondoke katika ofisi yoyote. Na wazee wa nchi hii hawaondoki. Wanaongezwa contract.

Basi akatenga chumba. Lakini kupata kiini kulihitaji internet, internet ilihitaji form, form ilihitaji sahihi ya Madam, na Madam alikuwa seminar Kisumu, halafu seminar Naivasha. Form ikalala kwa tray siku arobaini. Chumba nacho kikalala kitupu siku arobaini.

"Boss, umechoma nini humu?" Lazarus, mtu wa jenereta, alisimama mlangoni mwa ofisi ya server, akakataa kuingia. "Inanuka udi. Udi na miwa iliyoungua."

"Sisikii kitu," Titus alisema. Alikuwa akiisikia harufu hiyo siku ya tatu sasa.

"Na nani anaongeanga na wewe? Jana nilisikia watu wawili."

"Ni feni."

"Feni haijui jina yako, Titus."

Saa kumi mvua ya mawe ikaanguka. Mchana ukawa mweusi, stima ikapotea, na kabla Lazarus hajaifikia jenereta yake, server, bila umeme wowote, ikaanza kuwaka yenyewe, feni zikipumua polepole kama mtu aliyeamka na hataki ijulikane ameamka, na mistari ikapanda kwenye skrini, ikapita pale ilipozoea kufia, haikufa, ikaendelea, huku ile harufu ya udi ikizidi, mpaka mashine ikasema imemaliza kunakili kichwa cha marehemu na faili iko tayari, na Titus, ambaye miguu yake ilishageukia mlango, akarudi akaifungua, kwa sababu barua yake ya kazi ilikuwa humo ndani.

Ndani ya faili hiyo hamkuwa na habari za mashine. Humo mlikuwa na mama yake huko Lumakanda, akipukusa mahindi mpaka vidole vikachubuka ili yeye asome. Mlikuwa na kila interview, kila kiatu alichoazima, kila tusi alilomtukana Madam Roda chooni akiwa peke yake. Yote yalipangwa kwa tarehe, mpaka dakika hii, mpaka sentensi hii aliyokuwa akiisoma. Chini kabisa: *Ahsante kwa chumba. Nimekaa vizuri.*

Asubuhi Lazarus alimleta Maalim Swaleh Were kutoka Ekero, mtu wa madrasa na wa kutengeneza baiskeli. Aliitolea salamu mashine kabla ya watu.

"Salaam aleikum."

Feni zikanyamaza zote kwa mara moja.

"Amejibu," Maalim alinong'ona.

"Mtoe basi, Maalim."

"Nimtoe vipi? Kwetu nyumba mpya haiachwi tupu siku arobaini, tunalaza hata mbuzi. Nyinyi huko university mlifundishwa nini? Huyu hakuvunja mlango, mwanangu. Aliyejenga ndiye abomoe."

Kubomoa kulikuwa kufuta neno moja katika mstari wa kuwashia, kisha kuzima na kuwasha. Titus akafuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe aliposikia viatu vya Madam Roda.

"Usiguse." Hakupaza sauti. "Jana stima imepotea, na wagonjwa wangu wote wamehudumiwa. Mara ya kwanza mwaka huu. Unazima kwa nini?"

"Madam, humo ndani kuna jini."

"Linakula lunch?"

Maalim akainama kutafuta viatu alivyovua mlangoni.

"Linaomba off ya matanga kila Ijumaa? Linanisumbua na barua? Basi likae. Na ile sababu niliyokutuma?"

"Madam, sababu ndiyo hiyo—"

"Kwa karatasi, Titus."

Maalim alikuwa ameshavaa viatu. "Mama," alisema kwa upole, "hao hawakai pembeni. Wakishajua njia za mtu, wanakaa mahali pake." Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa email ya hospitali ikamkuta Titus kitandani. *We regret to inform you that the position has been filled.* Regrets kama hizi, za kumwambia nafasi imeshapata mtu, alizijua, amekusanya za kutosha kubandika ukuta mzima. Akashuka mpaka kwenye sahihi. Ilikuwa yake, na ule mkia wa g aliouiga kwa mwalimu wa darasa la sita. *Titus Wangila, Systems Administrator.*

Akampigia mama yake.

"Mama, ni mimi."

Kuku walisikika nyuma. Halafu sauti yake ikaja, ya chini, ya mtu anayeongea na mgeni mlangoni.

"Titus amenipigia asubuhi. Amepata kazi. Nimepiga magoti nikalia. Tena amenionya."

"Amekuonya nini, mama?"

"Kwamba kuna kitu kitanipigia na sauti yake, kikilia hakina kazi." Akavuta pumzi ndefu. "Ushindwe kwa jina la Yesu," akasema, na simu ikakatika.