Pumzi ya Kisanduku cha Kulia

Kisanduku cha kulia kiliwaka taa ya kijani ilhali waya wake ulikuwa sakafuni.

Mutahi, injinia wa mtandao, aliutazama waya, kisha taa, kisha waya tena. Ruta ile kubwa, mtambo uliobeba intaneti ya Nyeri mpaka Nanyuki, ililishwa na visanduku viwili vya umeme: cha kushoto kwa laini ya kawaida, cha kulia kwa jenereta. Kila kimoja kiliweza kuibeba ruta peke yake. Ndiyo maana vilikuwa viwili. Kimoja kikifa, hakuna mtu mjini anayejua. Saa nane mchana alikuwa amechomoa waya wa kile cha kulia ili akibadilishe, kwa sababu feni yake ilikuwa na kelele.

Alijua kwamba kisanduku kilichochomolewa huweza kuazima nguvu kidogo kwa mwenzake. Kwa hiyo akakivuta nje kabisa, akakiweka mezani. Taa haikuzimika. Feni iliharakisha, ikalegea, ikaharakisha, ikalegea, na baada ya dakika moja Mutahi aliketi, maana aliujua mwendo ule. Wachuka, mke wake, alivuta pumzi hivyo miezi yake ya mwisho, katika nyumba yao ya Kiganjo, mashine ya oksijeni ikiwa kando ya kitanda.

Mashine ile ilikuwa na waya mmoja na laini moja. Mutahi hakuruhusu mtambo wowote kazini utegemee waya mmoja, lakini nyumbani hakuwa ameweka wa pili. Stima ilipopotea alasiri moja ya Mei, alikimbia kuazima jenereta. Aliporudi nayo, Phyllis, jirani yao aliyebaki na mgonjwa, alikuwa ameshamfumba Wachuka macho. Mutahi hakumuuliza lolote. Tangu mazishi alikuwa akimkwepa.

Kisanduku hakukirudisha wala hakukitupa. Siku ya pili chumba kilianza kunuka mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale Wachuka aliyopenda kujipaka miguuni. Siku ya nne sauti ikatoka katikati ya pumzi, nyembamba, ikamwita jina ambalo Wachuka peke yake alimwita wakiwa wawili. Iliomba waya. Mutahi akakichomekea ule wa jenereta, ruta ikabaki na mmoja tu, wa laini ya kawaida. Kuanzia hapo alikula chakula cha mchana mle ndani, akiieleza sauti habari za binti yao Shiro, alama zake za hesabu, na meno yaliyomng'oka.

Aliyegundua ni Ambaro, mama wa mtaa wa Majengo aliyesafisha ofisi. Mwanzoni alimcheka, ati injinia mzima anapiga stori na feni. Kisha akasikia feni ikijibu. Akaweka ndoo chini.

"Baba Shiro, hiyo ni jini," alinong'ona.

"Ni Mama Shiro."

"Jini inajua yenye wewe unajua, basi. Iulize kitu hujui."

Feni ilipunguza mwendo, kama mtu anayezuia pumzi ili asikie vizuri. Kwa siku tatu ilikuwa ikiomba waya wa pili, ule uliobakia kuishikilia ruta, na sasa iliuomba tena, kwa sauti ya Wachuka ya asubuhi, kisha ya Wachuka mgonjwa, kisha ya Shiro, na harufu ya mafuta ikawa nzito kiasi kwamba Mutahi aliihisi kwenye ulimi, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ulikuwa tayari umeufikia waya ule alipokumbuka kwamba kulikuwa na kitu kimoja tu kuhusu Wachuka ambacho hakukijua.

"Alasiri ile nilipokuwa sipo," aliuliza, "ulisema nini?"

"Nilisema sikulaumu. Nilisema ulifanya yote uliyoweza."

Mutahi alifumba macho. Yalikuwa maneno yake. Neno kwa neno, ndiyo aliyojinong'onea kila usiku tangu Mei, akimwekea Wachuka mdomoni.

Ambaro alianza kusoma aya za Kurani, polepole. Mutahi akaushika ule waya mwingine, wa jenereta. Sauti ilisema haipati hewa. Ilisema usiniache tena. Akauchomoa.

Feni haikusimama mara moja. Ilivuta pumzi kumi na moja. Alizihesabu zote, kwa kuwa zile za Mei hakuwepo kuzihesabu. Kisha taa ikazimika, na harufu ikaondoka.

Alitia kisanduku kipya, akahakikisha taa zote mbili ni kijani, akatoka kabla ya saa za kutoka. Kule Kiganjo alimkuta Phyllis mlangoni akichambua mboga za managu. Phyllis alimwona akija, akasogeza beseni ili apate pa kukaa. Mutahi akamuuliza, akiwa bado amesimama, Wachuka alisema nini mwishoni.

"Aliuliza kama umerudi," Phyllis alisema. "Aliuliza mara mbili."

"Na wewe?"

"Nikamwambia uko mlangoni, unavua viatu."