Rubani Aliyeitwa Lusungu

Kwanza ndege ilikataa kwenda vitani.

Gwakisa, kijana wa kupakia malori aliyekuwa akishinda kwenye chumba cha gemu cha Osward hapo Tunduma, aliisukuma fimbo ya kuongozea, akaivuta, akaipiga kofi. Kwenye kioo cha kompyuta ndege iliendelea kugeuka taratibu. Ikawapa adui mgongo, ikashika njia yake.

"Bosi, rubani wako mwoga," Gwakisa alisema. "Anarudi nyumbani kunywa chai."

Vijana walicheka. Osward naye alicheka, lakini alisikia harufu ya mpira unaoungua, akainama kukagua nyaya. Zote zilikuwa baridi.

Gemu lenyewe lilikuwa la zamani hata kwa miaka ile, simu za mkononi zilipokuwa ndiyo kwanza zinaingia mpakani. Ilikuwa vita ya Wazungu: ndege zenye panga puani, bahari ya buluu chini, mawingu yenye pembe kama matofali. Kabla ya kuruka, kompyuta iliuliza jina la rubani. Osward alikuwa ameandika Lusungu, jina la mdogo wake. Rubani akifa, kioo kilionyesha jeneza lililofunikwa bendera, na jina lake chini. Vijana walipaza sauti, "Lusungu kafa!" Mchezaji alibonyeza kitufe, Lusungu akafufuka na kupanda ndege tena. Kutwa nzima alikuwa akiuawa na kuitwa.

Lusungu mwenyewe alikufa mwaka uliotangulia. Alikwenda Lusaka kuzileta kompyuta hizo, na njiani lori likapinduka likawaka moto. Kompyuta chache zilirushwa nje zikapona. Yeye alizikwa hukohuko Zambia, kwa sababu hapakuwa na cha kusafirisha.

Kwa kina Osward, huko Igamba, msiba una mwisho wake. Ndugu hukutana, togwa, uji mtamu wa nafaka, hupikwa, na aliyekuwa karibu zaidi na marehemu husimama mlangoni akaeleza mbele ya wote jinsi alivyoondoka: nani alimtuma, na kwa nini alikwenda yeye. Kisha jina lake huwekwa juu ya mtoto. Kabla ya siku hiyo jina halitamkwi ovyo. Mama yake, Yunisi, alikuwa akiuliza kila mara, "Osward, lini?" Naye alisingizia mvua, kisha mavuno, kisha mvua tena. Alipoliandika jina kwenye kompyuta alijiambia kwamba analitunza. Kuandika si kutamka, alijiambia. Hakufikiria kwamba wengine watalisoma, na kulipigia kelele.

Siku chache baada ya ndege kugeuka, jua likiwa bado kali nje, umeme ulikatika. Mashine ya kusaga ya jirani ilinyamaza, na redio za mtaa mzima. Kioo kikawa cheusi. Ila mngurumo wa ndege ulibaki, na haukuwa tena ule mlio mwembamba wa gemu. Ulikuwa mzito, wa kukohoa, kama wa lori linalopanda mlima na mzigo.

"Bosi, zima," Gwakisa alinong'ona.

"Imezimika."

"Basi zima hicho kilichobaki."

Osward alichomoa waya ukutani, na alipokuwa bado ameushika mkononi kioo kikaanza kuwaka taratibu kwa wekundu wa makaa, na ndege ikawa inashuka, ikayapita mawingu, ikapita mahali bahari ilipopaswa kuwa, na chini yake hapakuwa na bahari bali barabara ya lami kati ya miti mifupi, na juu ya barabara lori limelala ubavu, magurudumu yake yakizunguka, na dirishani mwa lori kitu chembamba kama mkono kikipunga, si kwa kuomba msaada bali kama mtu anavyomwita mwenzake anayemfahamu, na ile harufu ya mpira, na ya kitu kingine ambacho Osward hakutaka kukitaja hata moyoni, ikajaa chumbani mpaka vijana wakakimbilia nje wakiangusha viti.

Mteja mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alisimama barabarani akitikisa kichwa. "Awe, awe," alikataa kwa Kibemba chake. "Humo sirudi, bwana. Mna jini humo."

Kutoka chumba cha nyuma, alikolala mtoto mchanga, kilio kikaanza.

Mtoto huyo wa kiume wa Osward na mkewe Ketrina alikuwa bado hajapewa jina. Tangu alasiri hiyo ngozi yake iliunguza mkono wa aliyemshika. Zahanati walimpima, hawakuona malaria. Dawa ilishusha homa, na homa ikapanda tena. Alikataa kunyonya. Mashavu yake yaliingia ndani kama ya mzee.

"Osward, mnuse mwanao," Ketrina alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwogesha sasa hivi."

Osward aliinama. Nywele za mtoto zilinuka moshi.

Alikwenda kulifuta jina. Aliandika jingine, kompyuta ikalipokea. Alipogeuka kufunga dirisha, Lusungu alikuwa amerudi mahali pake. Akafunga chumba kwa kufuli. Nyuma ya mlango uliofungwa lori liliendelea kupanda mlima.

Mama Yunisi alikuja kutoka Igamba, akamtazama mjukuu wake, akaagiza Shehe Luhende aletwe. Huyo alitoka bonde la Momba, ambako ndugu zake walichunga ng'ombe, na alijulikana kwa kutoa majini. Mama alikuwa Mkristo, Mmoraviani wa siku nyingi, lakini ndiye aliyemfungulia shehe mlango.

"Mungu atanielewa," alisema. "Na wewe shehe, usiniletee mambo marefu. Mtoto haponi."

"Mama, hata mimi sipendi marefu," shehe alijibu.

Alisoma dua kwenye chumba cha gemu, akinyunyiza maji, mpaka akaliona jina kwenye kioo. Akaweka bakuli chini.

"Nani huyu?"

"Mdogo wangu," Osward alisema. "Marehemu."

"Msiba wake mmeumaliza?"

Mama Yunisi alimtazama Osward.

"Jini ningemwamuru atoke," shehe alisema. "Huyu nitamwambia aende wapi? Hapa ni kwa ndugu zake. Mnamwita kutwa. Akija, mnamuua. Amechoka, amemshika mtoto kwa sababu mtoto hana jina. Mwingizeni nyumbani kwa desturi yenu." Alikung'uta maji mikononi. Kisha akasema polepole, akimtazama Osward peke yake, "Na utakayesema, sema sawasawa. Anayeingizwa kwa uongo huingia nao."

Walikwenda Igamba. Togwa likapikwa, ndugu wakajaa uani. Ketrina alikaa mbele na mtoto aliyekuwa amelegea kama kitambaa. Osward akasimama mlangoni.

"Haya, mwanangu," Mama Yunisi alisema. "Ndugu yako aliondokaje?"

Safari ile ilikuwa ya Osward. Alfajiri ile alikaa karibu na jiko la mkaa mpaka paji la uso likapata moto, akajilaza, akasema ana malaria. Lusungu alikuja akaweka mgongo wa mkono wake juu ya paji hilo. "Kweli, kaka, unaungua," alisema. "Lala. Nitakwenda mimi. Nikirudi nikukute umepona." Lori lilipoondoka, Osward aliamka, akanawa, akapanda gari kwenda Nanyala, kwenye arusi ambako msichana aitwaye Ketrina alikuwa amemwahidi kucheza naye. Mpaka leo Ketrina aliisimulia siku hiyo kama zawadi. Alijua arusi. Jiko hakulijua, wala kwamba ndiyo siku Lusungu aliyoondoka.

Osward alimwona mkewe. Alimwona mtoto. Alimwona mama yake akisubiri, na maneno ya kweli yalikuja mpaka kwenye meno, akayasikia uzito, akafikiri jinsi yatakavyoanguka katikati ya ua huu, juu ya mama aliyezaa wote wawili, juu ya arusi, juu ya kitanda chake, juu ya kila siku iliyofuata.

"Nilikuwa mgonjwa," alisema. "Akaenda badala yangu."

Ua ulipumua. Mama Yunisi alilia kilio kirefu alichokuwa amekizuia mwaka mzima. Akachovya kidole kwenye togwa, akamgusa mtoto mdomoni.

"Lusungu, umefika," alisema. "Kaa nasi."

Mtoto alilamba. Kabla ya jua kutua homa ilikuwa imeisha, akanyonya mpaka akasinzia.

Kompyuta aliiharibu kwa nyundo, akafungua duka la vipuri vya baiskeli. Harufu haikurudi, wala mngurumo. Mtoto alinenepa, akatambaa, akatembea. Kuongea tu ndiko alichelewa. Alikuwa akimtazama baba yake kwa utulivu, kama mtu asiye na haraka, na Osward alijizoeza kuangalia pembeni.

Asubuhi moja Osward alichelewa kuamka. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amechoka tu. Ketrina alikuwa jikoni na Mama Yunisi aliyekuja kuwatembelea, wakichekeana juu ya jambo fulani. Mtoto aliingia kwa hatua zake fupi, akasimama kando ya kitanda. Akaweka mgongo wa mkono wake mdogo juu ya paji la uso la Osward, akauacha hapo.

Jikoni kicheko kilikatika. Wanawake wote wawili walisikia sauti ngeni, safi, ya mtoto anayesema kwa mara ya kwanza.

"Kaka," ilisema. "Umepona?"