Stelingi ya Mzee Ambindwile

Gari lilikuwa na tabia moja ambayo fundi Nsajigwa hakuipenda hata kidogo: lilijifunga stelingi kila dada yake alipopanda.

Kwa dada yake tu, jamani! Obed, mume wa dada mtu, alizunguka nalo Tukuyu nzima na rafiki zake, muziki juu, vioo chini, lisimsumbue. Lakini Tupokigwe akishakaa kiti cha mbele na kufunga mlango, klik! Stelingi inakaza, na ufunguo umo kwenye swichi na injini inanguruma.

"Loki mbovu, shemeji," Obed alisema alipolileta gereji, pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu hapo hapo. "Itoe kabisa. Jumamosi nampeleka dada yako Mbeya."

Mbeya! Kwa zile kona za Kiwira? Nsajigwa alimtazama usoni. Shemeji yake huyu, tangu arithi gari la baba yake na nyumba wanamoishi sasa, alikuwa ameanza kujipaka manukato na kuchelewa kurudi. Fundi akawaza jambo asilothubutu kumwambia mtu. Kama Obed ndiye aliyeichezea ile loki, basi ikikaza kwenye kona yeye ataruka, na Tupokigwe ataenda na gari bondeni. Alikuwa na dada mmoja tu.

Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, mtumba wa Japani uliopitia Dubai, miaka ile ya ruksa ya kuingiza mali toka nje, ambapo kila mwenye fuso la ndizi aliona naye ni bosi. Baba yake Obed, Mzee Ambindwile, alilinunua akiwa na miaka sabini. Watu walicheka wakashika mbavu. Akalifaidi miezi minne, kisha akakata roho ndani yake, limesimama kando ya njia ya Kinyala, mikono ikiwa kwenye stelingi. Wengine wakanong'ona kwamba gari limekuja na jini. Nsajigwa aliwaambia wamwondolee upuuzi wao.

Alifungua kava. Zile bolti mbili zisizo na vichwa akazing'oa kwa tindo na nyundo, akaitoa loki, akauchomoa ule ulimi wa chuma unaozuia stelingi. Akaugeuza mwangani. Haukuwa na mkwaruzo wala hapakuwa na alama ya bisibisi. Hakuna mtu aliyeugusa.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa, maana sasa hakuwa na wa kumshuku. Na mle ndani mlikuwa mnanuka udongo uliochimbwa muda si mrefu.

Alasiri Obed alikuja na mkewe. Nsajigwa aliutia ule ulimi mfukoni, akawaonyesha jinsi stelingi ilivyokuwa nyepesi sasa.

"Haya dada, panda tuone."

Tupokigwe akapanda, akafunga mlango.

Klik.

Nsajigwa alishika mfuko wake, chuma kilikuwa kimo, na bado stelingi ile isiyo na loki ilikuwa inazunguka yenyewe, polepole, kuelekea kulia, mbali na Tupokigwe, huku kiti cha dereva, kilichokuwa kitupu mbele ya macho yao watatu, kikibonyea na kulalia upande wa dirisha kama kuna mtu mzima aliyekuwa anajisogeza, anajisogeza, mpaka pakaisha pa kusogea.

Tupokigwe alivuta kitenge akafunika uso, akashuka, akakimbilia nyuma ya gereji.

"Umeona nini?" kaka yake alimnong'oneza.

"Sijaona kitu, kaka." Bado alikuwa amefunika uso. "Mwili umekwenda wenyewe. Kama vile nimekutana na baba mkwe njiani."

Mnyakyusa hahitaji kuelezwa zaidi. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hakai naye, hataji jina lake. Wakikutana njiani, yeye huacha njia na kugeuka, na mzee mwenye adabu naye hugeuza uso. Miaka miwili ya ndoa Tupokigwe hakuwahi kuiona sura ya Mzee Ambindwile. Na sasa Obed na Nsajigwa walikuwa wanamkalisha na mkwewe goti kwa goti!

Obed alimfuata Shangazi Ikupa, dada wa marehemu. Bibi alikuja na mwavuli, mvua ikinyesha, na matusi mdomoni.

"Mlibeba mwili mkauzika. Mwenyewe mkamwacha humu? Hamna akili!" Akafungua mlango wa dereva, sauti ikalegea. "Kaka, aibu hii imetosha. Shuka. Twende nyumbani kwako ukapumzike."

Kiti kikainuka. Ile harufu ikatoka.

"Ndaga, kaka," bibi akamshukuru, akatangulia kwa miguu. Mwavuli aliuinamisha pembeni, yeye akaloa mpaka mifupani.

Tupokigwe alipanda tena, na stelingi ikakubali kila upande. Nsajigwa alicheka kwa sauti, akamwomba shemeji yake radhi kimoyomoyo, wakaondoka wote watatu kumrudisha dada nyumbani.

Walimkuta Shangazi jikoni, anajikausha motoni, ameridhika. "Amefika salama," alisema.

Obed na Nsajigwa wakaingia sebuleni, Shangazi akawafuata. Tupokigwe alikuwa anapanda kibaraza, kapu mkononi, ndipo mtu akakohoa chumbani: kikohozi kile cha adabu, cha mzee anayewaonya wakwe kwamba anakuja. Obed alimshika Nsajigwa mkono. Kapu likaanguka nje.

"Shangazi, mwambie aondoke!" Nsajigwa alisema kwa kunong'ona.

"Aende wapi, mwanangu? Si hapa ndipo kwake?"

Nsajigwa alitoka mbio. Dada yake alikuwa amesimama katikati ya migomba, mgongo kwa nyumba, kitenge usoni, mvua inamnyeshea.

"Tupo, ingia ndani, utaugua."

"Nitaingiaje, kaka?" Tupokigwe alisema. "Mwenye nyumba yumo."