Masuke Yenye Vitambaa Vyekundu

Asubuhi mshonaji alikuwa shambani. Mchana alikuwa kwenye cherehani yake, karibu na dirisha. Majirani walimjua kwa mambo mawili: pindo lililonyooka na mtama mweupe. Mbegu ya mtama huo alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa.

Lakini kwa misimu mitatu mtama ulikuwa ukimwaibisha. Ukigusa suke tu, linapukutika. Sasa nusu ya shamba ilikuwa imevunwa, na gunia la kwanza lilikuwa halijajaa.

"Mwaka huu tumewalimia njiwa," mumewe alisema. "Mama watoto, mbegu hii imechoka. Msimu ujao tupande kitu kingine."

Mshonaji alikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Aiache mbegu ya marehemu mama mkwe? Uso wake angeuweka wapi?

Kesho yake alimwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa pale kijijini. Yule dada hakuwa mwepesi wa kulaumu. Alilizunguka shamba polepole, kisha akauliza mbegu huwa inatoka wapi. Mshonaji akaeleza kwamba yeye hapotezi kitu. Masuke mazuri yote huenda kwenye unga. Punje zilizoanguka chini hufagiliwa, hupepetwa, na kuwekwa kwenye debe ziwe mbegu.

Bibi shamba alitandika shuka. Alikata suke la mtama mwitu uliojiotea ukingoni, akalitikisa. Punje zote zikamwagika. Akatikisa suke la shambani. Zikamwagika nusu.

"Mama, zamani nafaka zote zilikuwa nyasi za porini," alisema. "Nyasi hujipanda zenyewe, ndiyo maana hudondosha punje. Watu walipokwenda kuvuna, walikuta zipi?"

"Zilizobaki kwenye suke."

"Hizo ndizo walizobeba nyumbani, na katika hizo wakapanda. Wakafanya hivyo mwaka hata mwaka, kwa maelfu ya miaka, mpaka nyasi ikawa mtama unaomsubiri mvunaji. Wewe unapanda zinazoanguka, kwa hiyo unaurudisha porini. Na huu mtama mwitu unachanganya chavua yake na wako, unakusaidia kuurudisha."

Mshonaji aliokota punje moja kwenye shuka.

"Kumbe wenzangu walishona," alisema, "mimi nafumua."

"Basi shona tena. Mbegu bado unayo."

Mumewe alinung'unika aliposikia kwamba masuke bora hayataliwa. "Tutakula shuka?" aliuliza. Mwishowe akakubali misimu miwili, si zaidi.

Mshonaji aling'oa mtama mwitu wote. Akaingia katikati ya shamba na mfuko wa mabaki ya kitambaa chekundu. Alitikisa mashina mazima, yenye afya, moja moja. Suke lililoshika punje zake alilifunga kitambaa. Masuke hayo aliyakausha na kuyahifadhi kando yawe mbegu. Msimu uliofuata alichagua tena vilevile.

Msimu wa pili mumewe mwenyewe alikata suke, akalitikisa juu ya shuka kwa nguvu zake zote. Zilianguka punje tatu. Alizihesabu mara mbili.

Magunia yalijaa manne. Jirani mmoja akaja kuomba mbegu, akauliza imenunuliwa wapi.

"Muulize fundi," mume alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Mshonaji alimpa masuke matano, vitambaa vikiwa bado vimefungwa.

"Ilinifikia ikiwa imeshachaguliwa na wengi," alisema. "Na mimi nimechagua. Sasa zamu yako."