Jina la Mzee Kipriani

Lori lilikuwa limeshawashwa, na Bibi Mpawenimana alikuwa ameshapandishwa kiti cha mbele, kuku wake mapajani, mkeka wake umefungwa juu ya magunia ya mihogo. Alikuwa anakwenda Murungu, wilaya ya Kibondo, kukaa kwa bintiye. Macho yake yalikuwa yanaisha, na pale Nyakitonto watu wote walishinda shambani, hapakuwa na wa kumwongoza hata chooni.

Mjukuu wake Esteria, msichana wa miaka kumi na mitatu, alisimama chini ya mlango wa lori, daftari jipya kwapani.

"Daftari lenyewe ndilo hilo?" Bibi aliuliza. Aliona weupe wake tu.

"Ndilo, Bibi."

"Jumamosi tatu nimekaa barazani nakungoja. Mara mpira wa pete, mara unasukwa nywele. Si ulisema watu wa maktaba wanataka habari za kuhamishwa?"

"Nitakupigia simu. Utaniambia kwa simu."

"Kwa simu!" Bibi alicheka bila furaha. "Habari ile haienei kwenye simu, mjukuu wangu."

Dereva akapiga honi. Lori likajikokota kwenye barabara nyekundu, likapotea kwenye vumbi lake lenyewe. Esteria akafungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu, na wa pili pia.

Habari hizo zilitakiwa na maktaba ya umma ya mjini Kasulu. Jumamosi moja kila mwezi, mkutubi Bi Anifa, mwanamke wa Tanga aliyeletwa huku na serikali, alikuwa anawakaribisha waandishi wa vitabu vya historia. Hawakuja kwa miguu yao. Walizungumza kwa mtandao kutoka huko walipo, na sura zao zikaonekana ukutani kwa projekta, kubwa kama mlango wa kanisa. Wanafunzi wakauliza, wao wakajibu.

Mwezi uliopita alizungumza Bwana Abbasi, akiwa Dodoma. Alikuwa anaandika kitabu kuhusu miaka ya sabini, wakati watu wa mkoa huu walipotolewa kwenye vilima vyao na kuwekwa kwenye vijiji vya ujamaa. Aliwaomba wanafunzi wawaulize wazee wa nyumbani.

"Na nileteeni majina," alisema. "Habari isiyo na majina ni uvumi wa sokoni."

Sasa zilibaki siku mbili. Esteria alimpigia shangazi yake mara moja, simu ikawa imezimwa. Hakupiga tena. Alikaa mezani akaanza kutunga. Alijua vipande viwili vitatu vya kuokoteza: nyumba ziliharibiwa, watu walitembea na mizigo kichwani. Kilichokosekana ni jina.

Akamkumbuka Mzee Kipriani, jirani yao. Miaka ile alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kila asubuhi Esteria alipopita uani kwake kwenda shule, aliinama na kupiga makofi taratibu, kama watoto wa Kiha wanavyowasalimu wakubwa. Mzee naye, hata akiwa bado kitandani na kikohozi chake, alijibu kwa makofi kutoka ndani: "Mwakeye, mwana wanje." Umeamkaje, mwanangu.

Esteria aliandika hivi: "Balozi Kipriani alikuja na mgambo, akawaonyesha nyumba yetu, akaitia kiberiti kwa mkono wake mwenyewe. Bibi alimwomba. Yeye akacheka."

Hapo pa kucheka alipapenda. Alijiona mwandishi kweli.

Jumamosi alisoma mbele ya watu wote, mdomo karibu na kipaza sauti. Pale ukutani Bwana Abbasi alivua miwani yake.

"Haya amekuambia bibi yako mwenyewe?"

"Mwenyewe," alisema Esteria.

Watu wakapiga makofi. Safu ya tatu akasimama Japhet, mjukuu wa Mzee Kipriani, aliyekaa dawati moja na Esteria tangu darasa la kwanza.

"Muongo wewe! Babu yangu ndiye kacheka?"

"Kaa chini, Japhet," alisema Bi Anifa. "Hapa tunaheshimu ushuhuda wa wazee."

Japhet hakukaa. Alitoka nje akasimama juani mpaka gari la shule lilipoondoka, na njia nzima hakumwangalia Esteria.

"Mwezi ujao," alisema Bwana Abbasi kabla hajaaga, "nataka kumsikia Bibi mwenyewe. Nimeambiwa yuko upande wa Kibondo; pale mjini kuna vifaa, tutamwunganisha na ninyi."

Esteria alidhani habari ingebaki mjini. Haikubaki. Mtu aliirekodi, na kufika Jumatatu ilikuwa inasikilizwa kwenye simu mpaka kisimani. Esteria alipita uani kwa Mzee Kipriani, akainama, akapiga makofi. Ndani palisikika kikohozi, makofi hayakurudi. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano alipita kwa njia ya nyuma.

Vijana wa kijiweni walimwita mzee kutoka ng'ambo ya barabara: "Babu, una kiberiti hapo?" Wakacheka. Jumapili hakuonekana kanisani. Kwenye jumuiya ya kanisa wanawake waliokuwa wakimpelekea uji alipougua walinong'ona: "Kumbe ndiye!" Uji ukakoma.

Esteria akapiga simu Murungu, na safari hii alipiga mpaka ikapokelewa.

"Bibi, siku hiyo ukiulizwa kama ni kweli, wewe sema ndiyo tu."

"Niulizwe nini?"

Akamweleza.

"Nitakuja Kibondo," alisema Bibi. Akakata simu.

Siku ilipofika maktaba ilijaa mpaka madirishani. Baba yake Esteria, Longinus, alifunga duka lake la mbegu akaja amenyooshewa shati. Watu walipokuwa wanatulia aliingia Mzee Kipriani, amevaa koti jeusi la misibani, Japhet amemshika mkono. Walikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Waliokuwa kwenye benchi lile walisogea, wakawaachia nafasi kubwa kuliko waliyohitaji.

Ukutani zikatokea sura mbili. Moja ya Bwana Abbasi. Nyingine ilikuwa paji la uso na kilemba cha kitenge.

"Bibi, sogea nyuma kidogo," alisema Bi Anifa.

"Nikisogea nitawasikia?"

Watu wakacheka, hata Esteria akacheka. Bwana Abbasi alisoma yale maandishi yote, polepole, mpaka pale pa kucheka. Kisha akauliza: "Bibi, ndivyo ilivyokuwa?"

Bibi Mpawenimana alifungua mdomo. Picha ikaganda hapo hapo, mdomo wazi, bila sauti.

Bi Anifa alichezea nyaya. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili. Watu wakaanza kunong'onezana.

"Anaona aibu kumtaja mtu mbele yake."

"Kunyamaza nako si jibu, jamani?"

Mzee Kipriani alishika fimbo yake, akaanza kuinuka. Esteria alimwona. Aliona pia kwamba mzee akitoka kwenye mlango ule, uongo utakuwa umeshinda na hakuna atakayejua kamwe. Wazo hilo likampendeza kidogo. Kwa kitambo kifupi kabisa likampendeza, na hapo ndipo alipojiogopa.

Akasimama.

"Bibi hakusema," alisema. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi. "Bibi hakusema neno hata moja. Sikumwuliza. Nimetunga mimi, na jina nimelitia mimi."

"Unasema nini wewe?" Longinus aliinuka.

"Nimetunga, baba. Kiberiti nimetunga. Kucheka nimetunga."

Kisha sauti ya Bibi ikarudi, kabla picha haijarudi.

"Nawasikia. Tangu mwanzo nawasikia, ninyi ndio hamnisikii. Esteria, daftari unalo?"

"Ninalo, Bibi."

"Basi andika sasa." Bibi alivuta pumzi. "Siku ile nilikuwa na uchungu wa kuzaa. Wakaja wakubwa na mgambo, wakasema jua lisizame kukiwa bado na nyumba yenye paa. Kipriani ndiye aliyekuwa balozi wetu. Wakamwambia, panda, ezua kwa Mpawenimana. Akasema, siezui nyumba yenye mwanamke anayejifungua. Wakampiga fimbo uani kwangu, mke wake anaangalia. Nilikuwa ndani, nilihesabu mpaka nikaacha. Hakupanda. Paa wakaezua wao, na mimi nimelala pale pale chini, na mtoto ametoka muda si mrefu. Kipriani akafunga machela ya mianzi. Yeye akashika mbele na mgongo wake ule, kaka yangu akashika nyuma. Siku mbili wamenibeba. Mtoto alimfunga kwa shati lake. Kama Longinus yuko hapo ukumbini, mtoto mwenyewe ni yeye."

Longinus aliangalia chini, kisha akageuka kule mlangoni, kisha akaangalia chini tena.

"Mama," alisema, "mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Wewe uliniuliza lini?"

Bwana Abbasi alisema kwamba naye amekosa, kwa kuwa aliomba majina akasahau kuuliza yamepatikanaje. Bi Anifa akamwomba Japhet radhi mbele ya wote. Bibi hakuwa amemaliza.

"Esteria, nisikilize. Jina la mtu si chumvi, uitie kwenye uongo wako upate ladha. Mzee amejengewa jina lile kwa fimbo, wewe umelibomoa kwa kalamu, na sababu ni uvivu wa kukaa na mimi barazani. Nilikuwepo. Tulikaa nyumba moja, na benchi la barazani lilikuwa pale pale. Ukitaka kujua, uliza. Usipojua, sema sijui. Hilo halijamwua mtu."

Ukumbi ukapiga makofi kwa nguvu. Mzee Kipriani hakuyangoja yaishe. Alikuwa amesikiliza kwa kusimama, mkono kwenye kitasa, na Bibi aliponyamaza alifungua mlango akatoka.

Jumatatu asubuhi Esteria alipita uani kwake kwa njia ya mbele. Akainama. Akapiga makofi taratibu, akangoja, akapiga tena.

"Nimesikia," alisema mzee kutoka ndani. "Nenda shule, utachelewa."

Ni hayo tu. Hakupiga makofi.

Wanawake wa jumuiya walianza tena kumpelekea uji, na vijana wa kijiweni walitumwa na padri wakaenda kumwomba mzee radhi. Aliwakubalia wote, lakini barazani hakukaa tena. Alifariki mvua za kwanza zilipoanza, miezi mitano kabla kitabu hakijatoka. Longinus alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, akashika mbele. Kitabu kilipokuja, habari ya machela ilikuwa ndani, ukurasa mzima, na jina la Kipriani limeandikwa sawasawa. Bi Anifa alipeleka nakala moja kwa Japhet. Baadaye alihamishiwa mkoa mwingine, na mazungumzo ya maktaba yanaendelea chini ya mkutubi mwingine. Bibi Mpawenimana alitibiwa jicho moja, bado yuko Murungu. Esteria alimaliza darasa la saba, akaenda sekondari. Kila likizo hupanda gari kwenda Murungu na daftari, na yuko kwenye la nne. Japhet alihamia dawati la mbele Jumatatu ile ile baada ya Bibi kuzungumza. Hawakugombana, wala hawakuzungumza tena.