Chonge za Ngollo

Rafiki yangu Zabibu wa Itetemia alimpeleka mwanawe Ngollo, angali mchanga, kwa fundi wa meno ya nailoni. Fundi akamchokonoa ufizi, akang'oa vijino vinne vichanga pale pa chonge, ati ndivyo vinavyoleta homa, kama walivyofanyiwa wanetu wengi. Homa ilishuka, lakini Ngollo sasa ana miaka tisa na chonge hazijaota.

Basi mdogo wake wa mwezi mmoja alipopata homa, Zabibu akaapa ni hospitali tu. Alipokuwa akimfunga mgongoni, umeme ukakatika. Gizani kitu kikawa kinasaga, taratibu.

“Ngollo, acha kusaga meno!”

“Si mimi, mama. Ni mtoto.”

Zabibu akapenyeza kidole kinywani mwa kichanga. Chonge zilikuwepo zote nne, kubwa. Zikakibana kidole, na kusaga kukaendelea.